Biti za Majina: Kibaha na Kisarawe katika Lugha ya C

Lugha ya C, iliyoundwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani mnamo mwaka 1972, haijui neno wala jina. Kwa lugha hiyo, jina ni msururu wa baiti unaokomeshwa na baiti ya sifuri. Na kila baiti aghalabu ni kundi la biti nane, yaani nafasi nane ambazo kila moja hushika 0 au 1. Huenda jambo hili likadhaniwa kuwa la mafundi peke yao. Lakini kila maandishi ya Kiswahili yatiwayo katika kompyuta hukaa katika biti hizo, na kosa dogo katika kuzigeuza laweza kuyafanya yasisomeke tena.

Na ichukuliwe mifano ya majina mawili ya Mkoa wa Pwani, Kibaha na Kisarawe. Katika mpango wa ASCII, ambao huipa kila herufi ya Kilatini namba yake katika baiti moja, Kibaha huchukua baiti saba na Kisarawe tisa, pamoja na sifuri ya mwisho. Majina haya huenda pamoja katika herufi mbili za kwanza, kisha huachana katika ya tatu: *b* ni 98, yaani 01100010, na *s* ni 115, yaani 01110011. Alama ya ^ hulinganisha baiti mbili, nafasi kwa nafasi, na kutoa 1 pale tu zinapotofautiana. Jibu hapa ni 00010001: herufi hizi mbili hutofautiana katika nafasi mbili tu kati ya nane.

Alama ya | hutoa 1 ikiwa mojawapo ya biti mbili ni 1, au zote. Kwa kuwa herufi kubwa *K* ni 75 na ndogo *k* ni 107, tofauti yao ni 32, nayo ni biti moja. Basi mtu atakaye kupanga majina ya mahali kwa alfabeti bila kujali herufi kubwa huweza kuandika | 32 kwa kila herufi, na *Kibaha* likawa *kibaha*. Njia hii ni nyepesi, nayo hufaa kwa herufi zote 26 za Kilatini.

Taabu huanza jina lile lile liandikwapo kwa herufi za Kiarabu. Katika mpango wa UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, herufi *ba* huchukua baiti mbili, 216 na 168, yaani 11011000 na 10101000. Ili kuisoma, alama ya & hutumika kama chujio: 216 & 31 huacha 24, na 168 & 63 huacha 40. Kisha 24 husogezwa kushoto nafasi sita kwa alama ya <<, ikawa 1536. Ikiunganishwa na 40 hupatikana 1576, ambayo ndiyo namba ya *ba* katika orodha ya Unicode. Lakini programu ikitia | 32 bila kuangalia, 216 hugeuka kuwa 248, baiti isiyoruhusiwa popote katika UTF-8. Herufi imekufa, wala C haitoi onyo lolote.

Dawa yake ni kuuliza kabla ya kugeuza. Baiti & 128 ikitoa sifuri, hiyo ni ya ASCII; na ikiwa kati ya 65 na 90, ni herufi kubwa, na hapo tu 32 yaweza kutiwa. Kadhalika hapana budi baiti itangazwe kuwa haina alama ya kutoa. La sivyo, katika mashine nyingi, 216 husomwa kuwa -40, na kulinganisha kote kukapotoka.

Wataalamu wa hati za kale watalitambua jambo hili. Waandishi wengi wa zamani waliandika *b*, *p* na *mb* kwa herufi moja ya *ba*, na msomaji aliitambua sauti kwa kuijua lugha. Mashine haina ujuzi huo: hufuata mapatano iliyopewa tu. Hati za Kiswahili zilizohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambazo J. W. T. Allen alizitolea orodha mwaka 1970, zimeandikwa kwa sehemu kubwa kwa herufi hizo za Kiarabu. Programu iliyojaribiwa kwa majina ya Kibaha na Kisarawe katika herufi za Kilatini peke yake haijathibitika kufaa kwa hati kama hizo. Kwa hiyo mwana-lugha na mwandishi wa programu hawana budi kukubaliana mapema juu ya mpango wa herufi, kabla biti ya kwanza haijaguswa.