Solo haisikiki kanisani? Ijue saketi ya sauti ya amplifaya kabla ya kununua mpya

Msikilizaji, hali hii unaijua. Ni Jumapili, iwe Galula au kijiji kingine cha Mkoa wa Songwe. Kwaya inaimba, kinanda kinalia, lakini gitaa la solo halisikiki. Mpigaji anaongeza sauti, spika inakwaruza, na bado solo imemezwa. Baada ya ibada, kamati inaanza kuzungumzia mchango wa amplifaya mpya.

Kabla ya mchango huo, tuangalie sehemu ndogo ndani ya amplifaya: saketi inayogawa besi, midi na trebo.

Inafanyaje kazi?

Kwenye amplifaya nyingi za gitaa, saketi hii ina kapasita tatu, rezista moja na nobu unazozungusha. Kapasita hupitisha sauti nyembamba kwa urahisi na kuzuia sauti nene. Rezista hupunguza zote kwa kiasi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba saketi ya aina hii haiongezi kitu, inapunguza tu. Ukifungua trebo hadi mwisho, umepunguza kizuizi tu. Nyingi hupunguza zaidi sauti za kati, yaani midi. Ukipiga peke yako nyumbani, unasikia utamu. Kwenye kwaya, besi inafunikwa na kinanda, na midi ambayo ingelitoa gitaa mbele haipo.

Kinachobadilishwa

Amplifaya nyingi za Fender za miaka ya 1960 zina rezista ya kiloomu 100 katika saketi hiyo. Kampuni ya Marshall, ambayo ilianzia London mwaka 1962 kwa kuiga Fender Bassman, baadaye ilitumia kiloomu 33. Hiyo ni sababu mojawapo ya Marshall kusikika na midi nyingi. Kwa hiyo fundi anaweza kushusha rezista ya 100 hadi 56, na midi ikapanda. Pia anaweza kubadili kapasita ya trebo kutoka pikofaradi 250 hadi 500, ili nobu ya trebo iguse na sauti zilizo karibu na midi.

Namba hizi ni za amplifaya za taa. Za transista zina namba zake, kwa hiyo fundi atafute kwanza mchoro wa saketi wa modeli yenu. Na kama nobu za besi na trebo zina alama ya 0 katikati, huenda ni mfumo mwingine unaoweza kuongeza na kupunguza. Huo msiuguse, jaribuni kwanza kuzungusha nobu.

Hatari

Amplifaya ya taa inaweza kuwa na volti zaidi ya 400 ndani, na kapasita zake kubwa hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Umeme huo unaua. Usifungue mwenyewe kwa bisibisi. Mpeleke fundi anayeujua umeme huo, anayeutoa kwa kutumia rezista na kupima kwa mita kabla ya kugusa chochote. Fundi anayegusanisha nyaya mpaka cheche ziruke, mwache.

Mfuate utaratibu huu

1. Jaribuni kwanza waya mwingine, gitaa jingine na spika nyingine. Vumbi la barabarani huingia kwenye nobu na kuleta mikwaruzo. Kuzisafisha ni gharama ndogo.
2. Punguzeni besi, ongezeni midi, kisha sikilizeni mkiwa mwisho wa kanisa, si jukwaani.
3. Kama bado, mpeni fundi kazi. Apige picha kwa simu kabla ya kulehemu.
4. Abadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Vipuri vya zamani mvitunze kwenye bahasha, ili mkitaka kurudi nyuma mrudi.
5. Jaribuni kwaya nzima ikiimba. Sauti nzuri dukani kwa fundi si lazima iwe nzuri kanisani.

Rezista ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo zaidi vilivyomo kwenye amplifaya. Ikiwa solo itasikika kwa hicho, mchango wa waumini utafanya kazi nyingine. Isiposikika, mtakuwa na sababu zaidi ya kufikiria amplifaya mpya.