Ujumbe wa Saa Tano Usiku

Saa tano usiku, kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, ujumbe unaingia: "Wapendwa, ile ripoti imefikia wapi?" Dakika chache baadaye tiki mbili zinageuka bluu, maana yake wote saba wameuona. Hakuna anayejibu, na sidhani kama kuna anayelala.

Mtuma ujumbe nilikuwa mimi. Nilikuwa nimepewa dawati la kusimamia na nikajiona mchapakazi kweli kweli, kumbe wasiwasi wangu ulinishinda kuubeba nikaanza kuugawa. Kijana mmoja ndiye aliyenifungua macho. Alisubiri wenzake watoke, akasogeza kiti. "Samahani bosi. Simu ikilia usiku, mke wangu anakaa kitandani. Anadhani kuna msiba."

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, tunaijua kwa siku zake 28 za likizo. Kinachosahaulika ni saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Aliyetoka ofisini saa kumi na mbili jioni, ukimwuliza ripoti saa tano usiku umemkata katikati. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2019, lilifafanua uchovu wa kupindukia kazini: si ugonjwa, ni hali inayoletwa na msongo wa kazi usiodhibitiwa. Mtu huishiwa nguvu, akaichoka kazi yenyewe, na ufanisi ukashuka. Niliposoma hayo sikujifikiria mimi kwanza. Niliwafikiria wale saba.

Dawa inayouzwa siku hizi ni utulivu. Asili yake si ya kubeza: mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, msomi wa biolojia ya molekuli, alianzisha huko Massachusetts, Marekani, mafunzo ya wiki 8 kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Unakaa, unaifuata pumzi yako, akili ikitoroka unairudisha bila kuigombeza. Tatizo langu ni semina zetu. Ukumbi wa hoteli, mkufunzi, soda, posho, picha ya pamoja, halafu Jumamosi bosi yuleyule anaitisha kikao cha dharura.

Nikitafuta mfano wa utulivu wa bosi, mimi humkumbuka zaidi Mwalimu Nyerere. Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa kiti, akaenda kukijenga chama chake, TANU, mikoani. Haikuwa likizo hata kidogo, na siasa ilikuwamo. Lakini ni mabosi wangapi wanaoweza kumwachia msaidizi ofisi hata kwa wiki moja bila kupiga simu kila saa? Aliporudi akiwa Rais bado alipata nafasi ya kuitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, iliyotoka 1963. Na bao alikuwa halikosi. Bao halichezeki huku unajibu simu. Kete unazihesabu kichwani, ukitazama pembeni umeliwa.

Sasa ujumbe wa usiku nauandika kwenye daftari. Asubuhi nikiusoma, mara nyingi haukuwa na haraka yoyote, na mwingine hata maana hauna. Nikishaegesha gari nabaki ndani kidogo, simu ikiwa kwenye begi, nikivuta pumzi na kuitoa taratibu, kwa kuwa mapigo ya moyo hupungua mtu anapotoa pumzi.

Siku ya kwanza nilipofanya hivyo nilisikia sauti dirishani. "Shikamoo, bosi." Alikuwa kijana wa getini, kofia mkononi.

"Marahaba. Umeanza lini hapa?"

Akacheka, akadhani namtania. "Huu mwaka wa pili, bosi. Kila siku nakuamkia."