Mgonjwa Anapokataa Chakula: Ujumbe wa Homoni za Utumbo

Katika kaya nyingi za Makere, mtoto anaposhikwa na malaria kali, wazazi huingiwa na hofu wanapoona sahani inarudi kama ilivyokwenda. Mama humbembeleza, bibi humkaripia, na pengine hutokea wa kumshika kwa nguvu na kumnywesha uji. Yafaa tuelewe kwamba kukataa huko si ukaidi.

Utumbo si njia ya kupitishia chakula tu. Katika utando wake wa ndani zimo seli zinazotengeneza homoni, yaani wajumbe wanaosafiri katika damu. Hata sekretini, ambayo Bayliss na Starling waliigundua London mwaka 1902, na ambayo ndiyo iliyofungua elimu ya homoni, hutoka utumboni. Mwaka 1999 watafiti wa Japani walitangaza grelini, itokayo hasa katika mfuko wa tumbo na kuamsha njaa. Nyingine, kama GLP-1 na kolesistokinini, huleta shibe na kuchelewesha chakula kutoka tumboni.

Kinga ya mwili inapopambana na vijidudu, humwaga kemikali ziletazo homa na uvimbe. Kemikali hizo huugusa ubongo, na utumbo pia. Kwa wagonjwa mahututi imeonekana kwamba homoni za shibe hupanda na tumbo hulegea. Ndiyo maana mgonjwa ambaye hajala hujisikia ameshiba, tena kichefuchefu humsumbua. Majaribio ya maabara yameonyesha pia kuwa grelini na GLP-1 zaweza kutuliza uvimbe huo, ingawa bado si tiba ya maambukizi makali.

Basi tufanyeje? Anayeweza kumeza apewe kidogo kidogo, mara nyingi: uji mwepesi, maziwa ya mama, maji salama. Aliyezimia au kulegea asinyweshwe kitu kwa nguvu, kwa maana chaweza kuingia mapafuni. Na mtoto asiyeweza kabisa kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, au aliyepata degedege, apelekwe zahanati au kituo cha afya saa ileile. Sala isiwe sababu ya kuchelewa. Tusali tukiwa njiani.

Akipona, njaa hurudi. Hapo aongezewe chakula, kama Yesu alivyoagiza binti Yairo apewe kula baada ya kuinuka.