Daftari la Hitilafu: Kutoka Programu za Kompyuta hadi Visima vya Samuye

Kila chombo kilichoundwa na binadamu, kiwe programu ya kompyuta au pampu ya kisima, hupata hitilafu. Chombo kuharibika si ajabu. La hatari ni hitilafu kujulikana na watu wengi na isiandikwe popote. Katika kata ya Samuye, wilayani Shinyanga, ambako kiangazi ni kirefu, pampu ikiharibika bila habari zake kumfikia fundi huwalazimu kina mama na watoto kurejea kwenye malambo na madimbwi. Makala haya yanaeleza jinsi wataalamu wa kompyuta wanavyofuatilia hitilafu, jinsi mfumo wa kazi hiyo unavyosimikwa, na jinsi wazo hilo lilivyohamishiwa katika huduma ya maji.

Mdudu ndani ya mtambo

Wahandisi wanaotumia Kiingereza wamezoea kuiita hitilafu "mdudu". Thomas Edison alilitumia neno hilo tangu mwaka 1878. Tarehe 9 Septemba 1947, waendeshaji wa kompyuta ya Mark II ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimkuta nondo, mdudu wa jamii ya kipepeo, amenasa katika swichi ya mtambo huo. Walimbandika katika daftari la kazi na kuandika mahali alipopatikana.

Kumwondoa mdudu kuliponya mtambo siku ile, lakini kumwandika kuliwawezesha wengine kujua kilichotokea. Mwaka 1998 Terry Weissman aliunda programu iitwayo Bugzilla kwa ajili ya mradi wa Mozilla. Hilo ni daftari linalokaa katika kompyuta moja kuu, yaani seva. Mtu yeyote aliyeruhusiwa hulifungua kwa kivinjari cha intaneti, akaandika hitilafu aliyoiona au akasoma zilizoandikwa na wenzake.

Kusimika mfumo

Seva ya Bugzilla huhitaji vitu vitatu kabla ya programu yenyewe. Cha kwanza ni kanzidata, mfano MySQL au PostgreSQL, ambamo kila taarifa huhifadhiwa. Cha pili ni programu ya kuhudumia kurasa, mfano Apache, ambayo hupokea maombi ya vivinjari na kuyajibu. Cha tatu ni lugha ya Perl, ambayo kwayo Bugzilla imeandikwa.

Baada ya hapo msimamizi huendesha faili liitwalo checksetup.pl. Mara ya kwanza faili hilo hukagua kama sehemu zote zimekamilika, kisha huunda faili la mipangilio. Msimamizi hujaza humo jina la kanzidata na neno la siri. Akiliendesha tena, majedwali hujengwa, naye huulizwa anwani ya barua pepe na neno la siri la msimamizi mkuu. Hatimaye huweka utaratibu wa kutoa nakala ya akiba ya kanzidata mara kwa mara na kuiweka mahali pengine, kwa maana seva nayo huharibika.

Kazi hiyo mtaalamu huweza kuimaliza kwa muda mfupi. Kazi ngumu huanza anapopanga nani ataandika, nani atakabidhiwa kazi, na nani ana mamlaka ya kusema kwamba hitilafu imekwisha.

Maisha ya hitilafu

Katika Bugzilla hitilafu hupita hatua tano: haijathibitishwa, imethibitishwa, inashughulikiwa, imetatuliwa, imehakikiwa. Hatua mbili za mwisho zimetenganishwa kwa makusudi. "Imetatuliwa" ni neno la fundi aliyefanya kazi. "Imehakikiwa" ni neno la mtu mwingine aliyekwenda kuitazama. Aidha, mfumo huruhusu taarifa ifungwe kwa sababu kwamba imekwisha kuletwa na mwingine, ili watu kumi walioona hitilafu moja wasihesabiwe kuwa hitilafu kumi.

Pampu kama programu

Mwaka 2011, jijini London, wataalamu wa kujitolea walianzisha mfumo ulioitwa kwa neno la Kiswahili: Taarifa. Waliujenga juu ya Ushahidi, programu iliyobuniwa Kenya mapema mwaka 2008 kukusanya habari za ghasia zilizofuata uchaguzi. Waundaji wa Taarifa waliueleza kuwa daftari la hitilafu la ulimwengu halisi: mahali pa kasoro ya programu pana bomba lililopasuka au kisima kilichokauka.

Haja yake ilikuwa dhahiri. Katika orodha moja ya vituo 59,400 vya maji vya Tanzania, iliyotokana na takwimu za Wizara ya Maji na Taarifa na iliyokusanywa hasa kati ya 2011 na 2013, vituo 32,259 vilikuwa vikifanya kazi, 4,317 vilihitaji matengenezo, na 22,824 havikufanya kazi kabisa. Vituo 4,982 vya orodha hiyo vilikuwa mkoani Shinyanga.

Chukulia, kwa mfano, pampu ya mkono huko Samuye ambayo ngozi ya pistoni yake imelika. Mwanzoni maji hupungua tu. Baadaye mpini huenda juu na chini bila kuleta kitu. Taarifa ikiandikwa katika hatua ya kwanza, kipuri kidogo chatosha. Mfumo ungeikabidhi kwa chombo cha watumia maji ngazi ya jamii, chini ya uangalizi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi Julai 2019. Naye wa kuhakiki asiwe fundi, bali mmoja wa wale wanaochota.

Ujumbe 53

Hata hivyo, seva nzuri peke yake haileti maji. Shirika la Daraja la Njombe liliendesha mradi wa Maji Matone, uliowaomba wanavijiji kutuma ujumbe wa simu kituo cha maji kinapoharibika. Shabaha ilikuwa ujumbe 3,000. Katika miezi sita ya kwanza ulipokelewa ujumbe 53. Mwaka 2011 Daraja ilikiri hadharani kwamba mradi haukufaulu. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba wachotaji wengi ni wanawake na watoto ilhali simu nyingi zilikuwa mikononi mwa wanaume, na kwamba watu hawakuamini kuwa ujumbe wao ungejibiwa.

Fundisho lake ni la kisayansi. Mfumo wa kufuatilia hitilafu ni mzunguko: mwonaji, daftari, fundi, kisha mwonaji tena. Ukikatika mahali pamoja, wote husimama. Mtu aliyetoa taarifa asipoona matokeo, hatatoa ya pili.

Zoezi kwa wanafunzi

Shule isiyo na seva yaweza kuanza na daftari kubwa. Lichorwe safu sita: tarehe, kifaa, hitilafu, aliyeiona, aliyekabidhiwa, aliyehakiki. Kwa muhula mmoja wanafunzi waandike humo hitilafu za madawati, taa na mabomba ya shule. Mwishoni wakokotoe wastani wa siku kati ya kuandikwa na kuhakikiwa, na wajadili ni safu ipi iliyobaki tupu mara nyingi zaidi, na kwa nini. Wakipata kompyuta siku moja, watakuwa wameshajifunza sehemu iliyo ngumu.