Malale na Misafara ya Wataalamu: Sayansi Iliyotumwa na Himaya

Mbung'o ni mdudu mdogo, lakini katika nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria amewahi kuwang'oa watu makwao kwa maelfu. Buhehe iko katika nchi ya Wasamia, ambayo mpaka wa Uganda na Kenya umeipasua kati. Kuanzia huko hadi visiwa vya Ssese, habari za mdudu huyu haziwezi kutenganishwa na habari za wataalamu waliotumwa kutoka Ulaya. Mikononi walishika darubini. Nyuma yao ilisimama siasa ya ubeberu.

MCHORA RAMANI ALITANGULIA

Mwaka 1883 Joseph Thomson, aliyetumwa na Chama cha Kifalme cha Kijiografia cha London, alikata nchi ya Wamasai na kutokea kwenye ufuko wa kaskazini-mashariki wa ziwa. Kazi yake iliitwa ya elimu. Lakini ramani haikai bure kabatini. Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipewa hati ya kifalme ya kutawala, na mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ikafika Kisumu.

Mwaka huohuo wa 1901 madaktari wa Hospitali ya Mengo walitambua ugonjwa wa malale. Kati ya mwaka 1900 na 1920 ugonjwa huo uliua zaidi ya watu 200,000 nchini Uganda. Serikali ya kikoloni ilishtuka, kwani reli iliyogharimu fedha nyingi ilihitaji mizigo, na pamba ilihitaji mikono ya kuilima.

TUME YA MWAKA 1902

Ndipo Chama cha Kifalme cha Wanasayansi cha London kilipotuma tume ya kwanza: George Carmichael Low, Aldo Castellani na Cuthbert Christy. Castellani aliona vijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Mwaka 1903 aliwasili David Bruce, na ikathibitishwa kwamba mbung'o ndiye mwenezaji. Ugunduzi huo ulikuwa wa kweli na ungali wa kweli hata leo.

Wajerumani nao hawakutaka kuachwa nyuma. Serikali yao ilimtuma Robert Koch, aliyekuwa ametunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 1905. Katika miaka ya 1906 na 1907 alipiga kambi Ssese, akawadunga wagonjwa dawa ya atoksili, yenye asili ya sumu ya aseniki. Alipoongeza kipimo, baadhi ya wagonjwa walipofuka.

WATU WAKAHAMISHWA

Gavana Hesketh Bell aliona njia rahisi zaidi: ikiwa mbung'o hawaondoki, na waondoke watu. Kuanzia mwaka 1907 wakazi wa ukanda wa maili mbili kando ya ziwa, Buganda na Busoga, waliamriwa kuhama. Mwaka 1909 ikawa zamu ya visiwa. Mitumbwi, migomba na makaburi ya wazee vikaachwa nyuma.

Amri hiyo ilipunguza vifo. Hata hivyo, kuna swali ambalo wataalamu hawakutumwa kuliuliza: kabla ya ukoloni, watu waliishije na mbung'o? Mwaka 1971 mtaalamu John Ford alichapisha kitabu kikubwa kinachoeleza kwamba Waafrika, kwa kulima, kufyeka na kuchoma vichaka, walikuwa wamejenga mizani baina yao na mdudu huyo. Mtu alipoondolewa, jembe nalo liliondoka. Kusini mwa Busoga pori lilitanda, wanyama wa mwitu wakaingia, na katika miaka ya 1940 malale ikazuka tena.

TORORO NA MAFUNZO YAKE

Baadaye Tororo ikawa makao ya shirika la utafiti wa malale la Afrika Mashariki nzima. Hapo pia siasa haikukaa mbali: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, utafiti wa pamoja ulivunjika nayo. Wakati huo moto ulikuwa umekwisha kuwaka. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, mashamba mengi ya kahawa na pamba yalitelekezwa Busoga, yakageuka vichaka, na mbung'o wakapata kivuli. Mlipuko ulioanza mwaka 1976 ulifika wilaya ya Tororo, ambayo wakati huo ilijumuisha Busia, katika miaka ya 1980.

Hivyo sayansi ni kama panga: lenyewe halina kosa, bali tazama mkono unaolishika. Mtaalamu anayetumwa kuokoa mali ya himaya ataona mikono ya kulima; anayetumwa na wananchi wenyewe ataona watu.

Ndugu msomaji, uwe lindoni kando ya mto au nyumbani na watoto, jambo hili lakuhusu. Homa isiyosikia dawa ya malaria, maumivu makali ya kichwa, kidonda palipoumwa na mdudu, au usingizi wa mchana usio wa kawaida, ni sababu ya kwenda hospitali kupimwa damu bila kuchelewa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya aina hii ya mashariki, na hivyo kupunguza haja ya sindano kali za zamani. Fyekeni vichaka karibu na visima, watibuni ng'ombe, maana huficha vijidudu bila kuugua sana, wala msing'oe mitego ya kitambaa iliyotegwa mitoni. Kinga iliyo imara ni ile ambayo wenye nchi wanaijua na kuishika wenyewe.