Goma na Bukavu: CV zinafanana, nafasi za kazi ni chache

Kwenye vibanda vya fotokopi vya Goma na Bukavu mambo huenda hivi: kijana anafika, anaomba CV. Mwenye kompyuta anafungua ya mtu aliyetangulia, anafuta jina, anaandika lingine, anachapisha. Ndiyo maana karatasi nyingi zinazofika kwenye biro za mashirika zina maneno yale yale: mwenye bidii, mwaminifu, anajua kufanya kazi na watu. Kuna hata zinazobaki na nambari ya simu ya mwenyewe wa kwanza.

Zamani kosa hilo liliweza kusamehewa. Leo ni vigumu. Januari 2025 Marekani ilianza kusimamisha misaada yake ya nje, na mashirika mengi yakapunguza wafanyakazi ama kufunga miradi. Mwezi huo huo M23 iliingia Goma, kisha Bukavu mwezi wa Februari, na banki zikafunga milango. Watu wenye miaka kumi ya kazi sasa wanaomba nafasi zile zile wanazoomba vijana waliomaliza juzi UNIGOM ama ISDR-Bukavu.

Basi CV inapaswa kuanzia kwenye tangazo la kazi, si kwenye kompyuta ya kibanda. Soma TDR polepole, pigia mstari kazi zinazotajwa, kisha jiulize: hii niliifanya wapi? Tangazo likisema «kusimamia stoku», na wewe ulilinda depo ya chakula, tumia neno hilo hilo, stoku. Mwenye kupanga dosye mia mbili hana muda wa kukisia.

Halafu weka hesabu. «Nilishiriki katika uchunguzi» haionyeshi kitu. «Nilihoji familia 240 za wakimbizi wa ndani kwa siku 12, kwa kutumia KoboCollect» inaonyesha mtu aliyekuwa uwanjani. Ukiwa hujawahi kuajiriwa, usikimbilie kubuni stage ambayo hukufanya. Simu moja inatosha kukuumbua. Yule aliyeshika kitabu cha AVEC ya mtaa kwa miaka miwili, wanachama 25, bila feza kupotea, amefanya uhasibu. Aandike hivyo. Wengi huona aibu kutaja kazi za namna hiyo kwa sababu hazikulipwa, na hapo ndipo wanajipunja.

Kuna pia vya kuondoa. CV zetu bado zinataja jina la baba na la mama, kabila, chefferie na teritware ya asili, hata nambari ya kadi ya mchaguzi. Tangazo lisipoomba, viache. Hujui karatasi hiyo itapita mikononi mwa nani, na katika hali tuliyo nayo, asili ya mtu isiwe kitu cha kuzungushwa kwenye barua-pepe.

Jambo lingine ni majina. Mkongomani ana jina, postnomu na prenomu, lakini LinkedIn inatoa nafasi kuu mbili. Huyu anaacha postnomu, yule anaweka jina la utani la Facebook. Mwajiri akitafuta jina lililo kwenye diploma, hakuoni. Chagua mpangilio mmoja, na uutumie kwenye CV, barua-pepe na LinkedIn. Weka postnomu pamoja na jina katika nafasi ya jina la familia. Tarehe nazo zilingane: CV ikisema ulimaliza mradi 2023 na ukurasa wako ukisema 2024, mtu atafikiri unadanganya hata kama ni kusahau.

Mstari ulio chini ya jina kwenye LinkedIn ndio watu wanaona kwanza. Wengi wanaandika «ninatafuta kazi». Andika kazi unayojua: «Muuguzi, lishe ya watoto, Kivu Kusini». Ikiwa mashirika unayolenga yanaajiri kwa Kifaransa, ukurasa uwe kwa Kifaransa. Picha iwe ya uso wako, si ya arusi.

Kwa waliosimamishwa kazi: mmedai cheti cha mwisho wa kazi? Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamlazimu mwajiri kukitoa, mkataba uishe kwa sababu yoyote ile. Kinaonyesha aina ya kazi, siku ya kuanza na ya kumaliza. Kidai mapema, kwa sababu biro ikiisha kufungwa na wakubwa kusafiri, utagonga mlango wa nani? Kipige picha, ukitume kwenye barua-pepe yako mwenyewe. Waliokimbia vita bila karatasi wanajua uzito wa jambo hili.

Na anayekuomba feza «ya kufungua dosye» kupitia WhatsApp hana kazi ya kukupa. Usimtumie hata dola tano, wala picha ya kadi yako.

Kabla ya kutuma, wapigie simu wale watatu uliowaandika kama wadhamini. Nambari nyingi zimebadilika tangu Januari ile, na wengine sasa wako Kampala ama Bujumbura.