Aliyepigwa ndani ya ndoa: Tumtafutie msikilizaji mwenye huruma

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mwenye kusikia hata lisilotamkwa na kuyajua yaliyomo vifuani. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Miongoni mwa maswali yanayotufikia mara kwa mara, baada ya swala na hata kwa simu za usiku, ni lile la wazazi na makaka wanaosema: binti yetu alikuwa akipigwa na mumewe, tumemtoa, talaka imepita, eda imekwisha, chakula kipo, wanawe wako naye, mbona hajarudi kuwa yule tuliyemwoza? Usiku halali. Akisikia kitasa cha mlango kikizungushwa hushtuka hata akakimwaga alichokishika. Akiulizwa hulia, au hukaa kimya kutwa nzima. Wengine huongeza swali la pili kwa sauti ya chini: je, huyu hana jini?

Jibu letu ni kwamba binti huyo amejeruhiwa, na jeraha lake lina jina. Wataalamu wa afya ya akili huliita kiwewe. Mwili uliokaa miaka ukingojea kipigo hauelewi kwa siku moja kwamba kipigo kimekoma. Huendelea kukesha ukilinda mlango usio na adui. Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliyaingiza maradhi haya katika mwongozo wake, kwa sehemu kubwa kutokana na yaliyoonekana kwa askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Mwaka 1992 daktari Judith Herman wa Marekani, katika kitabu chake juu ya kiwewe na kupona, alieleza kuwa yanayompata askari aliyetoka vitani na yanayompata mwanamke aliyeteswa ndani ya nyumba yake yanafanana sana. Wala waliofikwa na hayo si wachache. Utafiti wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2015 hadi 2016 uliwakuta asilimia 40 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu walipotimiza miaka 15.

Wapo watakaouliza kuhusu aya ya 34 ya Surat An-Nisaa. Hapa si mahali pa kuifasiri kwa urefu. Itoshe kusema kuwa Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake, na kuwa Ata bin Abi Rabah, mwanachuoni mkubwa wa Makka, alikuwa na rai kwamba mume hampigi mkewe hata akimuasi. Anayevunja mkono wa mkewe hana aya ya kujifichia.

Turudi kwa binti yetu. Yeye anahitaji kusikilizwa, na hapo ndipo familia nyingi zinapokwama, kwa kuwa tumezoea kuihesabu subira kuwa ni kufunga mdomo. Na tumtazame Bibi Khawla bint Tha'laba. Mumewe, Aws bin Samit, alimfananisha na mgongo wa mama yake, talaka ya kijahiliya iliyomwacha mwanamke si mke wala si mtalaka. Khawla hakujifungia chumbani. Alikwenda kwa Mtume (S.A.W.), akajadiliana naye, akamshitakia Allah hali yake. Bibi Aisha alikuwa upande mmoja wa nyumba na baadhi ya maneno yale hakuyasikia, lakini Allah aliyasikia kutoka juu ya mbingu saba, ikateremka sura ambayo hadi leo inaitwa kwa jina la mwanamke mwenye kujadili, Al-Mujadila. Imepokewa pia kwamba Khawla, naye ni mkongwe, alimsimamisha Khalifa Umar (R.A.) njiani akazungumza naye kwa muda mrefu. Watu walipostaajabu, Umar akawajibu kuwa lau angemweka hapo mpaka usiku asingeondoka ila kwa swala, kisha akarudi kumsikiliza. Amiri wa Waumini alipata nafasi ya kumsikiliza kikongwe barabarani. Seuze baba kwa bintiye.

Kuna wanaochelea kwamba kumweleza mtu wa nje madhila ya mume ni kusengenya. La hasha. Katika aya ya 148 ya sura hiyo hiyo ya An-Nisaa, Allah ametaja kuwa hapendi uovu kutangazwa, kisha akamtoa aliyedhulumiwa. Imamu Nawawi ameyaorodhesha mambo sita yanayohalalisha kumtaja mtu kwa kasoro yake, la kwanza likiwa ni malalamiko ya mwenye kudhulumiwa. Hind bint Utba alimlalamikia Mtume (S.A.W.) kuhusu ubahili wa mumewe Abu Sufyan, naye hakukemewa. Na Fatima bint Qays alipotaka ushauri juu ya wachumba wake, Mtume (S.A.W.) mwenyewe alimwambia kuwa Abu Jahm haishushi fimbo begani, na wanazuoni wengi wamefahamu kuwa maana yake ni mwingi wa kupiga wanawake.

Basi ikiwa kusema ni halali, na ikiwa Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu kama alivyosimulia Usama bin Sharik, kumpeleka binti kwa mtaalamu wa nafsi si kuiga Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu chenye sehemu mbili, moja ya maslahi ya mwili na moja ya maslahi ya nafsi, akazungumzia humo hofu, hasira, huzuni na wasiwasi na namna ya kuvitibu. Hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Sisi wa leo ndio tuliofikia mahali ambapo kulitaja jina la Milembe tu ni tusi.

Lakini si kila anayeitwa mshauri anafaa, na hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie nasi. Yuko dada mmoja, hatumtaji wala hatuutaji mji wake, ambaye alituruhusu tueleze lililomfika. Mshauri wa kwanza aliyempata alimfungulia mazungumzo kwa kumuuliza, "Wewe ulimkosea nini?" Hakurudi tena. Wa pili alimsikiliza vizuri, akamliwaza, na kabla ya wiki kwisha maneno yake yakamrudia kutoka kwa jirani katika shughuli ya arusi. Alikaa karibu mwaka mzima bila kumwamini yeyote. Wa tatu alikuwa mama wa makamo, muuguzi aliyesomea ushauri nasaha, katika hospitali ya serikali. Siku ya kwanza alimwambia kuwa hana lazima ya kueleza chochote. Akamuuliza analala wapi sasa, yule bwana anapajua mahali hapo au hapajui, na watoto wanapelekwa shule na nani. Habari ya kipigo haikuguswa mpaka safari ya tatu, na dada mwenyewe ndiye aliyeianza. Baada ya miezi kadhaa alianza kulala usiku kucha. Hajapona yote, lakini analala.

Mama yule hakubahatisha. Herman, tuliyemtaja hapo juu, ameigawa njia ya kupona katika hatua tatu: kwanza mtu awe salama, kisha ayakumbuke na kuyaombolezea yaliyompata, kisha arudi kuungana na watu na maisha. Anayemlazimisha mjeruhiwa asimulie kila kitu siku ya kwanza ameanzia katikati, na huenda akamrudisha kulekule alikotoka. Huruma tunayoitafuta, kwa hiyo, si upole wa sauti peke yake. Ni mtu kuwa na elimu ya kazi hii, kumwamini mwenye kueleza bila kumhukumu, kumwachia yeye mwendo, na kuwa na kifua cha kuhifadhi siri. Familia ina haki ya kumuuliza kabla: umesomea wapi, umewahi kuwahudumia waliopigwa, na nani mwingine atayajua haya? Mwenye kukasirika kwa kuulizwa hivyo, muepukeni.

Mama huyo alikuwa Mkristo, na baadhi ya jamaa walipinga. Sisi tuliwakumbusha Abdullah bin Urayqit, mshirikina aliyeajiriwa kuwaongoza Mtume (S.A.W.) na Abu Bakr (R.A.) katika hijra kwa kuwa alikuwa mjuzi na mwaminifu. Ibn al-Qayyim amelitumia tukio hilo kuwa dalili ya kufaa kumtegemea asiye Muislamu katika tiba. Mwislamu mwenye sifa zilezile ni bora, bila shaka, kwa kuwa anaijua lugha ya imani ya mgonjwa. Ila Mwislamu asiyekuwa na sifa hizo hawi bora kwa jina lake. (Mama yule, tumeambiwa, ndiye aliyekuwa akiuliza Alasiri inaingia saa ngapi ili wasigongane nayo.)

Kuhusu jini: ruqya ya Qur'ani na dua ni tiba na faraja, na hatumkatazi mtu. Tunachokataza ni mganga anayemtia binti huyu mikononi, akamchapa au kumfukiza moshi akidai kumtoa pepo. Huko ni kumpiga mara ya pili.

Jambo jingine ni suluhu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo kifungu chake cha 66 hakimpi mwanandoa yeyote haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, kwa kawaida inataka mgogoro upitie baraza la usuluhishi kabla ya shauri la talaka kufika mahakamani. Hiyo ni kazi yetu sisi masheikh na wazee, na Qur'ani imeiweka katika aya ya 35 ya An-Nisaa. Lakini kikao cha suluhu si kikao cha tiba. Mwanamke hawezi kufungua moyo akiwa ameketi ubavuni mwa mtu anayemwogopa, kwani ataulizwa barazani na kujibishwa nyumbani. Mshauri anayewaita wote wawili pamoja wakati kipigo hakijakoma, muacheni. Na Allah amekataza katika aya ya 231 ya Al-Baqara kuwarejea wanawake kwa nia ya kuwadhuru.

Wapi pa kuanzia? Katika baadhi ya hospitali kuna Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambamo daktari, polisi, ofisa ustawi wa jamii na mshauri hukutana mahali pamoja, ili aliyeumizwa asilazimike kuzunguka ofisi nne akieleza jambo lilelile. Kituo cha namna hiyo kilifunguliwa Hospitali ya Amana, Dar es Salaam, mwaka 2013, na Zanzibar kipo cha Mnazi Mmoja. Pasipo na kituo, yapo madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, na wapo maofisa ustawi wa jamii katika halmashauri. Mwenye majeraha mabichi akatibiwe kwanza, na fomu ya PF3 ishughulikiwe, kwa kuwa majeraha hupona na ushahidi ukapotea.

Yamebaki masuala mawili ya fiqhi tunayoulizwa. La kwanza ni faragha. Akipatikana mshauri mwanamke, huyo ndiye atangulizwe. Asipopatikana, mwanamume mwenye sifa anafaa kwa haja ya tiba, mlango ukiachwa wazi kidogo na maharimu akiketi nje, mahali anapoona wala hasikii. Maharimu huyo awe ni yule binti aliyemchagua mwenyewe.

La pili ni eda. Familia nyingine husema mtalaka asitoke mpaka amalize, hata akawa anadhoofika mbele ya macho yao. Jabir bin Abdillah (R.A.) amesimulia kuwa shangazi yake mzaa mama aliachwa, akataka kwenda kuvuna tende zake, na mtu mmoja akamkemea kwa kutoka. Alipofika kwa Mtume (S.A.W.), aliruhusiwa kwenda kuvuna. Ikiwa tende zilitosha kuwa udhuru, basi miadi ya saa nne asubuhi na mshauri inatosha zaidi. Apelekwe, alipiwe nauli, na akirudi asiulizwe alisema nini.

Wallahu a'lam.